Tumbo Chini ya Kitenge

Zuhura wangu,

Begi lako nimelifunga, liko hapa mlangoni, na sitalifungua tena kuangalia kama umeweka sweta. Umeweka, hukuweka, huko Cankuzo unakokwenda kuanza kazi ya uuguzi kuna baridi na soko lipo. Mambo ya kula, kulala, kuswali na kupiga simu umeyasikia tangu ukiwa tumboni mwangu, sina haja ya kukuchosha nayo. Umetoka kwenda kuaga marafiki zako hapa mtaani Bwiza, nyumba imetulia, na mimi nimekaa barazani na kalamu ili nikuandikie juu ya utumbo.

Ndiyo, utumbo. Usicheke. Na kama unasoma haya ndani ya basi na mtu wa pembeni yako anakula mandazi, kunja karatasi, utamalizia ukifika.

Siku ya Idi, mjomba wako Issa alipotuchinjia mbuzi hapa uani, nilikuona. Ulipewa beseni la utumbo ukaoshe, maana ndiyo kazi ya mabinti wa nyumba hii tangu enzi za bibi yako. Ukaingiza mkono, ukaugeuza ule utumbo, mavi ya kijani yakakumwagikia kwenye vidole, na we ukakimbilia nyuma ya tanki la maji ukatapika chai yote ya asubuhi. Nilikufuata nikakupangusa mdomo. Ukaniambia: "Mama, mi siwezi. Nitakuwaje muganga na utumbo wa mbuzi unanishinda? Mi sitaenda." Tangu siku hiyo hujasema tena kwamba hutaenda, lakini naona unavyoliangalia hili begi kila ukipita mlangoni.

Halafu wakaja shangazi zako na lile neno lao. Utazoea. Eti utazoea! Kila mmoja alikupiga begani akakwambia hivyo, na mimi nilikuwa nakata vitunguu pale pembeni nikawa nakata kwa hasira. Nimefanya kazi ya uuguzi urjansi, pale wanapoletwa watu wa ghafla, tangu kabla sijakuzaa. Watu wa mtaa wananiita muganga, wananiletea watoto wao mpaka mlangoni, na wote wanadhani nimezoea. Sijazoea, Zuhura. Mama yako ana kinyaa mpaka leo.

Usaha unanichukiza. Kidonda cha mguu kilichofungwa majani na mafuta ya mawese kwa wiki nzima, siku ya kukifungua roho inanichafuka, naomba radhi kwa Mungu na kwa mwenye mguu. Funza wananichukiza. Matapishi ya mtu aliyekunywa urwagwa, pombe ya ndizi, tangu asubuhi yananichukiza kiasi kwamba mara nyingine natamani nimwache alale humo humo. Narudi nyumbani naoga, naoga tena, halafu nakaa mezani nainusa mikono yangu kabla ya kumega ugali, we mwenyewe umeniona ukadhani ni mazoea tu ya uzee.

Lakini mavi na usaha havina nia mbaya na mtu. Watu ndio wanaonitia kinyaa zaidi, na ili nikueleze hilo lazima nikusimulie ya mjomba wako.

Unajua kwamba aliumizwa na ng'ombe ulipokuwa darasa la tano. Kovu umeliona. Mengine hukuambiwa kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba nifunge mdomo, na mimi nikaufunga. Juzi alikuja hapa, akasikia kwamba unasitasita, akasema: "Dada, mwambie yote. Hata ya mufuko." Kwa hiyo nina ruhusa.

Asubuhi ile kule machinjioni walikuwa wamepokea madume ya pembe ndefu, yale ambayo watu wanapenda kuyapiga picha. Issa alikuwa analivuta moja kwa kamba, na kamba ikalegea, basi. Dume halikukasirika hata kidogo, anasema Issa. Liligeuza kichwa tu, labda kwa ajili ya nzi. Pembe ikaingia chini ya mbavu za kushoto na ikatoka na kipande cha utumbo wa mjomba wako, kitanzi kizima, kikaning'inia juu ya mkanda wa suruali. Akaanguka nacho kwenye mavi na majani ya ng'ombe.

Sasa fikiria ni nani waliokuwa wamemzunguka. Siyo wauza nguo wala makarani. Ni watu waliopitisha maisha yao yote wakishika utumbo. Rafiki yake Saidi, Mungu ampe afya, kazi yake pale ilikuwa kuosha matumbo ya ng'ombe, na hakuna mtu Bujumbura nzima anayeosha utumbo ukatakata kama Saidi. Akaona utumbo umeingia uchafu. Akafanya anachofanya kila siku. Akachukua ndoo yake ya maji, ileile, akatia chumvi, akaosha utumbo wa mjomba wako huku ukiwa umeshikamana na mwenyewe, akakamua, akasuuza, halafu akaurudisha ndani kwa vidole kama mtu anayejaza mto sufi. Mama mmoja auzaye uji getini akavua kitenge chake cha juu. Wakamfunga nacho tumbo, wakakaza, wakapiga fundo zuri ubavuni. Mmoja akamnunulia fanta ili apate nguvu, akainywa yote.

Na mwingine, yallah, akatoa simu akapiga video. Sitaki hata kumjua ni nani. Video ile ilifika Bwiza kabla ya mjomba wako kufika hospitali. Watu walikaa vibarazani na mishikaki ya burusheti mkononi wanaangalia utumbo wa ndugu yangu, wanapeana simu, wanaguna, wanauma nyama, wanaomba irudishwe mwanzo. Nilipokuja kujua hilo baadaye nilitema mate barabarani, mimi niliyekufundisha kwamba mwanamke hatemi mate barabarani. Miaka imepita na bado nikimuona mtu amenyanyua simu juu ya mtu aliyelala chini, nasikia nyongo imenipanda kooni.

Basi, Issa akaletwa kwetu urjansi. Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu ndiyo sababu ya barua hii.

Aliingia kwa miguu yake. Saidi kamshika mkono huu, mwingine kamshika mkono ule, lakini anatembea. Hana damu ya kutisha, doa tu kwenye kitenge. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa: watoto wa homa, mzee wa pumu, kijana wa pikipiki aliyechunika mguu na kupiga kelele mpaka nje. Issa akakaa, na benchi zima likasogea. Mwanamke mmoja akaziba pua na mtandio akasema: "Muganga, musogeze huyu mutu, ananuka." Kweli alikuwa ananuka. Lakini lini mjomba wako hakunuka? Tangu tukiwa watoto nyumba yetu ilikuwa na harufu ile, kwa sababu babu yako naye alikuwa mchinjaji, na bibi yako alikuwa haruhusu mtu wa machinjioni kuvuka kizingiti kabla ya kujisugua pale bombani kwa sabuni ya kufulia. Mimi harufu ile niliichukia kuliko mtu yeyote. Nilisoma uuguzi kwa sababu nilitaka kazi yenye koti jeupe na harufu ya dawa, ndiyo ukweli.

Nikamuuliza: "Kuna nini, Issa?"

Akasema: "Ni mukwaruzo tu, dada. Ng'ombe amenigusa."

Unaona? Aliona haya. Hakutaka kufunuliwa tumbo mbele ya benchi la wanawake. Na Saidi alikuwa anatabasamu, maskini, kama mtu aliyeleta zawadi. Nikageuza uso wangu pembeni nisivute ile harufu, nikawaambia wamuweke karibu na dirisha, na nikaenda kwa kijana wa pikipiki ambaye alikuwa anapiga kelele. Kelele na damu vinamvuta mtu, Zuhura. Mguu ule uliochunika ulikuwa mbaya wa kutazama, mwekundu, una mchanga, na hakuna mtu angekufa kwa mguu ule. Ndugu yangu alikuwa amekaa dirishani kimya na kitenge chake kisafi.

Nilirudi kwake kwa sababu ya kimya chake. Issa si mtu wa kukaa kimya, we unamjua, hata msikitini inabidi aonywe. Nikainama kumshika mkono nipime mapigo, na mkono ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, mapigo yanakwenda mbio, membamba, kama yanataka kutoroka chini ya kidole. Akaniambia bega la kushoto linamuuma. Bega! Tumbo likichafuka ndani, maumivu hupandia huko. Na ana kiu, ana kiu sana. Nilipoinama hivyo, pua yangu ikawa juu ya lile fundo la kitenge, na harufu ikanipiga.

Haikuwa harufu yake ya siku zote.

Ya ng'ombe naijua. Inanuka majani yaliyochacha. Nimeichukia tangu nikiwa mtoto, na kitu unachokichukia unakijua kuliko unachokipenda, maana unakisikia hata kikiwa mbali. Hii ilikuwa ya mtu. Ilikuwa ya choo cha mtu aliyekula maharage jana yake usiku, na maharage yale aliyala kwangu, mezani kwetu, ukiwa umekaa pembeni yake. Benchi zima lilinusa mtu wa machinjioni. Mimi nilikuwa nanusa utumbo wa ndugu yangu uliotoboka.

Tulimlaza palepale. Nikafungua fundo. Kidonda chenyewe kilikuwa kifupi, mdomo mdogo tu, na katikati ya midomo kimechungulia kipande cha mafuta ya manjano. Ukiona hayo manjano, mwanangu, usiulize tena kama kidonda kimefika ndani. Hayo mafuta hayakai kwenye ngozi, yanakaa juu ya matumbo, na kama yametoka basi mlango uko wazi. Usiingize kidole kutafuta. Nikaweka kiganja juu ya tumbo, likawa gumu kama ubao wa kukatia nyama. Kisha Issa akakohoa, na kitanzi kikatoka chote mbele yangu, kimevimba, rangi yake imeanza kuwa ya zambarau, kina kipande cha jani la ng'ombe kimekigandia, na maji ya kijani yanachuruzika pembeni.

Nikatapika. Ndiyo, mama yako. Niliwahi sinki, nikatapika, nikasukutua, nikavaa glavu nyingine, nikarudi. Sijui yote yale yalichukua muda gani, lakini niliporudi nikamkuta Saidi ameinama na mkono ameshaunyoosha.

"Wacha nirudishe," akasema. "Itaingia tu. Hata asubuhi iliingia."

"Apana! Usiguse!" Nikaupiga mkono wake, ukasikika ukumbi mzima.

"Lakini muganga, tuliosha. Tuliosha na maji ya chumvi, safi kabisa." Halafu akaniona nalowesha vitambaa vya kompresi na serumu, akashangaa kabisa: "Si hata we unatumia maji ya chumvi?"

"Yangu hayakutoka kwenye ndoo ya matumbo ya ng'ombe, Saidi."

Nilisema kwa ukali, na uso wake ukaanguka. Alikuwa hajui. Mpaka dakika ile alidhani amemwokoa rafiki yake, na kumbe kila alichokiosha alikirudisha ndani pamoja na mavi, majani na maji ya ndoo, akakaza kitenge juu yake mpaka utumbo uliobanwa pale mlangoni ukaanza kukosa damu. Akakaa chini sakafuni akaanza kulia, mtu mzima, mikono ameinyoosha mbele yake kama si yake.

Tulichofanya unakijua kwa vitabu, lakini nakuandikia kama nilivyokishika. Tulimlaza chali, tukamkunja magoti na shuka tukaliviringisha chini ya magoti, ili tumbo lilegee. Utumbo tuliufunika pale pale ulipo, kwa kompresi zilizolowa, nyingi, na juu yake nailoni safi ili usikauke na usipoe. Bila kukaza. Utumbo ukikauka unakufa ukiwa mikononi mwako. Tukamgeuza kidogo tukaangalia mgongo na kiuno, maana pembe, kisu au risasi havikuahidi mtu kwamba vitatokea pale vilipoingilia. Serumu mikono yote miwili, blanketi, na mdomoni hakuna kitu, hata alipokuwa ananisihi: "Dada, tone moja tu. Dada, kwa ajili ya mama." Nikamlowesha midomo kwa kitambaa. Nikamwambia daktari kuhusu ile fanta, maana watu wa kumpa dawa ya usingizi lazima wajue kilicho tumboni. Daktari alikuwa kijana mzuri, alitazama mara moja tu akaanza kukimbia kuelekea bloku, chumba cha upasuaji, huku ananiambia nimfuate na kitanda.

Hawakumaliza mapema. Walikuta tundu, wakakuta majani, chumvi na uchafu umetapakaa. Walikata kipande kilichokufa, wakaosha, na kwa kuwa ndani kulikuwa kumechafuka mno, wakautoa mdomo wa utumbo ubavuni, ukawa unamwaga kwenye mfuko.

Huo ndio mfuko anaouzungumzia. Mjomba wako alikaa nao miezi, kwetu, katika chumba chako cha sasa, mpaka walipouunga utumbo tena. Na huo mfuko, Zuhura, wallahi, ulinitia kinyaa kila siku niliyoushika. Unapasuka. Unavuja kwenye shuka. Unalia wakati wageni wamekaa. Yeye mwenyewe alikuwa anageuza kichwa ukutani nikiubadilisha, na ananiomba radhi mpaka nikamkataza. Rafiki zake walikuja mara moja, wakakaa karibu na mlango, wakasema wana haraka. Saidi peke yake ndiye aliyerudi kila Ijumaa, anakaa chini kwenye mkeka. Siku moja aliniomba nimfundishe kuubadilisha ule mfuko. Nikamfundisha. Aliubadilisha vizuri kuliko mimi, na akaondoka akaenda kutapika nyuma ya tanki, palepale ulipotapikia we.

Na we siku moja uliingia chumbani ukitokea shule, ukasimama, ukauliza kwa sauti: "Mjomba, mbona unanuka hata ukioga?" Hukumbuki. Ulikuwa mtoto, sikulaumu. Lakini usiku wa siku hiyo aliniambia ni afadhali lile dume lingemmaliza. Kuanzia siku ile, kila ukiingia kwake, niliona unavuta pumzi mlangoni na kuishikilia mpaka utoke, kwa sababu nilikuwa nimekufinya kwa swali lile. Umeendelea kufanya hivyo mpaka leo kila ukimkumbatia. Unadhani haonekani mtu anayezuia pumzi? Anajua.

Nimemfikiria Saidi sana miaka hii. Zamani niliona ni ujuaji: mtu anajua utumbo wa ng'ombe, basi anadhani anajua wote. Siku hizi nafikiri vingine. Watu wale wanashika utumbo bila kukunja uso, lakini utumbo wa rafiki yako, wenye joto lake, unaotoka huku anakutazama na kukuita kwa jina, huo hawakuwahi kuuona. Kinyaa kikawapanda, na hofu. Mtu mwenye kinyaa anataka kitu kimoja tu, kile kitu kisionekane tena. Kwa hiyo wakakirudisha ndani, wakafunga, wakashusha pumzi. Na mimi niliyejiona nina elimu nilitaka nini? Nilitaka akae dirishani. Yeye alisukuma ndani, mimi nilisogeza pembeni, na Issa angekufa katikati ya kinyaa chetu sote wawili.

Ndiyo maana sitakwambia utazoea. Natamani usizoee. Muuguzi aliyezoea nimemuona, anapita kitandani akitafuna ubani, hasikii harufu mpya ikiingia kwa sababu kwake harufu zote ni moja. Pua yako ni chombo cha kazi kama kile unachobeba shingoni. Roho ikikuchafuka, simama, usikimbie, ujiulize imechafuka kwa nini leo kuliko jana. Ukitaka kutapika, tapika, kisha urudi. Mgonjwa hakuulizi umetapika mara ngapi. Anakuuliza kama umerudi.

Na huko uendako kuna ng'ombe kuliko hapa. Kuna miundu ya kukatia migomba, kuna watu wanaoanguka juu ya uzio wa miti, kuna ugomvi wa pombe. Watakuletea watu waliofungwa vitenge, mashuka, hata majani, na kila fundo limefungwa na mtu aliyempenda yule mgonjwa. Usimtukane aliyefunga, kama nilivyomtukana Saidi. Lakini fungua. Kila tumbo lililofungwa, fungua utazame kwa macho yako, hata kama mwenyewe anakwambia ni mkwaruzo, hata kama ametembea, hata kama anacheka. Vidole vyako navyo vitawasha, vitataka kurudisha kila kitu mahali pake, kipotee, kinyaa kiishe. Vipe kazi ya kulowesha kompresi.

Jua limeshuka, nasikia sauti yako kule kwa jirani, unacheka na akina Asha. Nimalizie kabla hujaingia ukanikuta na macho haya.

Kesho asubuhi nitakupeleka mpaka mlangoni tu, sitaki kulia parkingi ya mabasi mbele ya makonda. Mjomba wako ndiye atakubebea begi. Amesema atatoka moja kwa moja machinjioni, kwa hiyo hatakuwa ameoga. Nilitaka kumwambia apitie bombani kwanza, kama bibi yako alivyokuwa akidai, nikaghairi.

Akikuaga atakukumbatia. Najua unavyofanya. Kesho usifanye hivyo. Weka pua yako begani kwake, vuta pumzi mpaka ndani kabisa, unuse majani yaliyochacha, uvundo wote, na umshukuru Mungu.

Hiyo ni ya ng'ombe tu.

Mama yako